Pumzi Yako Ndani ya Rejeta

Baba,

Mwenye lile gari la kizamani amepiga simu tena. Mpaka leo nimekuwa nikimwambia rejeta bado, kumbe tangu tukuzike Kalimoni sikuwa nimeigusa. Ilikuwa pale pale ulipoiacha, kwenye benchi la karakana yetu hapa Witeithie, imefunikwa kwa gunia. Njoroge aliniambia, "Wambui, hiyo ni kitu ya mtu. Maliza apewe gari yake." Kaka anasema kweli, lakini hakuwepo siku ile.

Mashine ya upepo tunayo, ila kwa magari haya ya enzi za mkoloni hukuikubali kamwe. Shaba ya rejeta zake imechoka, ulisema, upepo wa nguvu utaipasua. Kwa hiyo mimi nilizamisha rejeta kwenye pipa la maji, nawe ukauma ncha ya mpira uliochomekwa humo na kupuliza, tuone kama povu litatoka. Mishipa ya shingo ilikutoka, nikasahau kazi. "Maitu, angalia maji, wacha kuniangalia." Uliniita maitu, yaani mama, kwa kuwa nina jina la mama yako. Sasa hakuna aniitaye hivyo, Baba, na nyumba nzima haijui kwamba hilo ndilo linaloniua.

Ulikuwa unakohoa. Nikakuomba nipulize mimi, ukacheka, mbishi wewe, ukasema kifua bado kipo. Hatukuona povu. Ukapuliza mara ya mwisho, ukaziba ncha ya mpira kwa kizibo, ukaiweka rejeta benchini, ukasema tuone kama itashika hewa mpaka asubuhi. Asubuhi tulikukimbiza hospitali Ruiru na hukurudi nasi.

Basi pumzi yako ikabaki humo ndani. Najua hewa ni hewa tu. Lakini Mama ana mto wako ambao hataki ufuliwe, Njoroge ana koti lako, na mimi nilikuwa na rejeta. Nilikunywa chai kando yake kila jioni. Wateja walidhani ninapumzika.

Leo yule mwenye gari hakunifokea. Angenifokea ningejua la kumjibu. Alisema tu kwamba mama yake amelazwa, akitoka anataka kupanda gari la marehemu mumewe hata mara moja, na daktari hajawapa matumaini makubwa. Nikashindwa kusema bado.

Nikafunga mlango. Nikaweka shavu karibu na ule mpira, nikang'oa kizibo.

Hakikutoka kitu, Baba. Hata mlio. Ilikuwa imevuja zamani, labda usiku ule ule, na mimi siku zote hizi nimekaa na shaba tupu. Nililia nikiwa nimekaa chini, kwenye mafuta na vumbi, mpaka jirani anayeuza vipuri akagonga mlango kuniuliza kama nimeumia. Nikamwambia ndiyo.

Kisha nikazamisha rejeta nikapuliza mwenyewe. Ni kazi ngumu kupuliza na kutazama maji kwa wakati mmoja, sikuwahi kujua. Povu likatoka dogo sana kwenye kona ya chini. Nikalehemu, nikapuliza tena, maji yakatulia. Nikaifunga kwenye gari na kuwasha injini. Magari haya hayana pampu ya maji, ulinifundisha, moto wenyewe ndio unaoyapandisha maji, nayo yakipoa hushuka. Nilishika rejeta juu, ikanichoma. Nikashika chini, ilikuwa vuguvugu: maji yanazunguka. Nikageuka nikuambie.

Kesho nitampelekea gari lake, mama wa watu apande. Kwaheri, Baba. Lala, upumzishe kifua. Watu wameshaniambia niutundike ule mpira ukutani uwe kumbukumbu, nami nimekataa, nitautumia kwa kila gari la kizamani litakaloletwa hapa. Meno yako yameacha alama kwenye ncha yake. Nitauma hapo hapo.

Mwanao,
Wambui