Jembe Uliyomutumia Kavira

Kambale mutoto wangu,

Wewe uko mupumbavu. Naanza na ile, salamu itafuata. Nani alikuambia kutia jembe ya bibi yako Kavira ndani ya gunia ya maharagi na kuituma huku Butembo? Kavira alifungua gunia mbele ya majirani. Akaona jembe yake, ile ulimuchongea muti wewe mwenyewe wakati mulioana. Akaitoa, akaiweka chini polepole kama mutoto analala. Akasema: «Mama, Kambale amenifukuza.» Tangu pale hasemi na mutu.

Najua hukukuwa na nia mbaya. Chauffeur aliyeleta gunia aliniambia maneno yako: «Ni ya kusaidia mama kulima.» Kulima wapi? Hapa tunapanga chumba! Na wewe ulikomaa Mutwanga, hujue namna kwetu mwanamuke anafukuzwa? Hatumuandikie karatasi. Jembe yake inatoka mu nyumba, njo basi.

Sasa nakusalimu. Mugongo yako inauma bado? Mvua imeshuka? Na Masika wetu anakula muzuri, ao analilia mama yake? Mimi niko muzima, ila baridi ya hii milima inaniingia mu mifupa. Bibi ya pasta alitaka kuniandikia hii barua. Nikakatala. Nilisoma mpaka mwaka ya pili, inatosha kwa kugombeza mutoto wangu. Na kwa phonie, ile redio ya kuongea na batu ya mbali, siwezi kusema hii mambo, batu banapanga mustari nyuma yako, banasikia yote.

Unajua mambo bale batu ya bunduki balimufanyia Kavira kwa njia ya shamba. Sitaiandika. Tulipofika hapa ili apone, alikuwa anaangalia ukuta tu. Basi nikamupeleka kwa nyumba ya kusikiliza, nyuma ya kanisa, pahali banamuke bale balipata ile taabu banakaa pamoja. Mama Georgette njo anabafundisha. Siku ya kwanza alituambia: «Fungeni macho, mupumue polepole.» Nikamuambia: «Binti, mimi napumua mbele mama yako azaliwe!» Banamuke bakacheka. Kavira naye akacheka, Kambale. Niliona meno yake. Nikatoka inje, nikajipanguza uso na kitenge.

Ule mama anafundisha kwamba mwanamuke akipatwa na ile mambo, afike kwa centre de santé, kwa munganga, mbio, siku ileile, asione haya, juu kuko dawa ya kumukinga. Anafundisha kwamba haikuwa kosa yake. Haiko juu ya nguo alivaa, haiko juu ya njia alipita. Na ule woga unakaa mu mwili kama homa, unatoka kidogo kidogo mutu akisema na mwenzake akimusikiliza. Mimi nilikuwa nachambua majani ya sombe, najifanya sisikie. Nilisikia yote.

Kavira akaanza kula. Akaanza kusuka nywele ya wenzake. Siku moja akaniuliza: «Mama, Kambale anakula kwa nani?» Nikamujibu: «Anakula vibaya, acha ateseke.» Akatabasamu.

Kisha gunia yako ikafika.

Sasa anakaa amejifunika kitenge mpaka kichwa. Nimemupikia samaki na mawese, hakugusa. Nimeomba. Nimemugombeza, juu ile njo najua kufanya. Bure. Mama Georgette alikuya, akakaa chini karibu naye muchana muzima. Akitoka akaniambia: «Mama, kwa hii sina dawa. Neno anangojea haiko mu mudomo yangu.»

Nikamuuliza kwa ukali: «Basi mulisoma ya nini?»

Hakukasirika. Alisema anaita babwana pia, abafundishe namna ya kupokea babibi yabo. Lakini banaofika ni bachache, na banakaa karibu na mulango kama batu banangoja mvua ikatike. Akaenda. Niliona yeye pia amechoka.

Nimezaa, nimezika, nimekimbia na mafurushi mu kichwa. Kila mara nilijua mukono yangu ishike nini. Leo sijue. Siwezi kumurudisha mimi. Tulipokuya, kwa barière ya askari kule Beni alitetemeka mpaka akajikojolea, na basoda bakacheka. Sitamupitisha pale na mimi muzee peke yangu.

Nasikia baba yako mukubwa anasema uoe mwingine. Umuambie nimesema afunge mudomo. Salimia dada yako anayekupikia, na umuambie asizoee. Salimia muzee wa kanisa aliyetuombea tulipotoka. Mumukumbatie Masika, mumuambie mukaka wake, mimi mama ya baba yake, anamuwaza.

Najua unaogopa njia. Mimi pia naiogopa, na wewe uko mutoto wangu. Hata hivyo, panda pickup ya kwanza inayopita. Masika umuache kwa dada yako, ile njia haiko ya mutoto. Hapana kuleta maharagi. Hapana kuleta zawadi. Ukifika, usianze na mimi. Ingia, kaa chini karibu naye, umuambie na mudomo yako: «Kavira, uko bibi yangu.» Asipojibu, ukae. Asipojibu kesho, ukae.

Mama yako