Salamu Yako Imefika Bila Maji

Mpendwa binti yangu Riziki,

Ninaogopa. Naanza na hilo kwa sababu unanijua: nikianza na habari za goti langu na za majirani, nitazunguka mpaka karatasi iishe bila kusema kilichonikalisha hapa. Hofu yenyewe imehamia kwenye kalamu, ndiyo maana mwandiko huu unapanda na kushuka kama njia ya Bijombo kule milimani.

Hii ni barua ya wazi, ila bado siifungui. Watu wataisoma siku utakapokuwa umeketi hapa uani kwetu Kilibula. Kwa sasa itakaa mahali ninapopajua mimi peke yangu, na ambapo wewe ungepakisia mara moja kwa sababu ndipo ninapoficha kila kitu.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka masomoni ukakuta yule nesi wa Lubarika, Mama Esperansi, anaanika karatasi za wagonjwa juani kama ndagala, visamaki vya ziwani? Mafuriko yalikuwa yameingia kwenye kituo chake cha afya. Ulikaa siku nyingi na kompyuta yako, halafu ukaja kunieleza kwamba kuna watu huko ng'ambo wametengeneza programu ya seva, wanaitoa bure, na mtu yeyote anaweza kufungua matumbo yake akaona ilivyoshonwa. Ukiiweka kwenye kompyuta moja ndogo pale kituoni, manesi wote wanasoma na kuandika kwa simu zao, bila intaneti hata kidogo. Nikakuuliza, basi shida iko wapi? Ukanionyesha maelekezo ya kuiweka: kurasa na kurasa za amri za Kiingereza, na ukikosa nukta moja unarudi mwanzo.

Hapo ndipo ulipotengeneza kisakinishi chako. Faili moja tu. Muuguzi anaifungua, inamuuliza maswali machache kwa Kiswahili, kisha inafanya kazi yote yenyewe. Tuliinakili kwenye flashi. Ikapanda milima na waendesha moto, zile pikipiki zetu, ikashuka bondeni na wauza muhogo, ikavuka ziwa na mitumbwi ya wavuvi wa samaki wa mikeke. Mimi, mzee mzima, nilikuwa ofisi yako ya usambazaji. Ulinicheka sana nilipozifunga flashi kwenye majani ya mgomba zisilowe.

Siku moja ulikuja umenuna. Wenye programu walikuwa wameandika kwenye ukurasa wao kwamba anayetumia kisakinishi cha watu wengine asiwalilie wao.

"Papa, banasema hatuko ba kwabo."

"Hata mukunga haiko mama ya mutoto," nikakuambia. "Lakini mutoto anapitia mu mikono yake."

Ulicheka, ukarudi kazini. Na kweli ulikifanyia kazi kama mkunga. Ulikitilia sahihi, ule ufunguo wa siri uliokaa kwenye kompyuta yako peke yake, ili kila nakala ipimwe kama imetoka kwako au imechezewa njiani. Ulikiwekea sharti moja ulilolirudia mpaka nikachoka: kisiombe intaneti kamwe. Mle ndani mna majina ya watu, ulisema, na kijiji cha kila mmoja. Huku kwetu jina linatosha kumwambia mtu mbaya ni mlango gani wa kubisha.

Halafu ukaweka salamu mwishoni. Kazi ikimalizika, kioo kinaandika: Umefika. Keti. Kunywa maji.

"Nimeweka maji yako, Papa," ulisema, na mimi nikajifanya moshi wa makaa umeniingia machoni.

Maana salamu hiyo ilikuwa yangu. Wewe hukuuona ujana wangu kwenye fonii, ile redio ya misheni iliyokuwa inaunganisha vituo vya bondeni na vya milimani kabla simu hazijazaliwa. Nilikuhadithia tukiwa tunakula, na hukuniamini. Nilikuambia kwamba kila opereta alikuwa na namna yake ya kumaliza, na mimi namna yangu ilikuwa hiyo. Nilikuambia pia kuhusu siku wenye bunduki walipoingia chumbani kwangu, mmoja akasimama nyuma ya kiti changu, akaniamuru niite gari la dawa lishuke kama kawaida. Niliita. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, maneno yote ya kawaida. Mwishoni nikasema, "Umefika, keti," nikaishia hapo. Rafiki yangu wa Bijombo, Mzee Matayo, alisikia kwamba sijampa maji. Gari halikushuka. Tangu siku hiyo sisi maopereta tulijua: asiyekupa maji, ujue kuna mtu amesimama nyuma yake.

"Papa, weye ulikuwa naigiza sinema," ulisema mdomo umejaa bugali.

Sasa nakuja kwenye lenyewe.

Siku ile mji mzima ulipokimbia vita kuelekea mpaka wa Kavimvira, ulifunga kompyuta mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga, juu yake ukajifunika shuka. Mimi goti lilikataa. Ulinishika kichwa kwa mikono miwili, ukasema utatuma neno. Nimelingoja neno hilo, Riziki. Nimekupigia simu mpaka yule mwanamke wa mashine anayesema hupatikani nimemchukia kama mke anavyomchukia mke mwenza.

Juzi Mama Esperansi alikuja mwenyewe, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alinipa flashi. Kuna mtu asiyemjua aliyeiacha kituoni kwake, akasema ni toleo jipya la kisakinishi, limetoka kwa Riziki, vituo vyote viliweke upesi.

Nilitaka kuimba. Wewe uko hai! Nilimshika yule mama nikamzungusha na goti langu hili hili.

"Papa, ngoja kwanza," akasema. "Minye sina amani na iyi kitu. Iko naomba rezo, ile intaneti. Ya Riziki haiombaka rezo hata siku moja."

Niliiweka kwenye ile kompyuta yetu ya zamani, isiyoshikana na kitu chochote. Nikapima sahihi kama ulivyonifundisha. Mungu anisamehe, niliomba ikatae. Ingekataa, ningesema ni mwizi tu ameiga jina lako, na hofu ya mwizi naiweza. Ikakubali. Ilikuwa imetiwa sahihi kwa ufunguo wako, kwenye kompyuta ile uliyoibeba mgongoni. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami sikuwahi kuisikia methali hiyo ikiwa baridi kiasi hicho.

Kisha ikauliza maswali yake, kwa Kiswahili chako, na katikati ikaomba intaneti, eti kwa usalama wetu. Nikaiambia hapana. Ikaendelea. Mama Esperansi alikuwa amesimama karibu yangu, nasikia anavyopumua. Ikamaliza, ikaandika salamu.

Umefika. Keti.

Nilingoja. Nilidhani mashine imechoka, inakusanya nguvu ilete neno la mwisho. Haikuleta. Mama Esperansi akaniuliza, "Papa, njo nini? Uso yako imebadilika." Nikamwambia nimekaa vibaya, goti.

Sasa unajua ninachokijua, Riziki, mama yangu. Uko hai, na kuna mtu amesimama nyuma ya kiti chako. Furaha na hofu zimeniingia kwa mlango mmoja, na hofu ndiyo iliyokalia kiti.

Nilitoka nikaenda kusimama ufukweni. Akina mama walikuwa wanaanika ndagala, ziwa limetulia, na mimi nilikuwa nawaza kama mtu mwenye homa. Nikinyamaza, vituo vitaiweka ile faili, na majina ya wagonjwa wa bondeni na wa milimani yataenda kwa hao waliokushika. Nikisema isiwekwe, watajua kazi waliyokulazimisha haikuzaa kitu. Na mtu asiye na faida kwao, wanamfanya nini? Niandike? Siandiki. Hili ndilo linaloninyima usingizi, linanikata hata hamu ya chumvi.

Lakini wewe ulishaamua kabla yangu. Kuondoa yale maneno mawili kulikuwa kuniambia: Papa, kataa. Ulikuwa na kisu shingoni, au sijui nini shingoni, na bado ukawakumbuka watu wa Mama Esperansi. Nilijivuna, halafu nikakukasirikia. Nilitamani kwa dakika moja uwe binti mbinafsi. Baba ana haki ya dakika moja.

Asubuhi hii nilikwenda kule kwa mapadri, ambako fonii ya zamani bado inapumua. Nilikalia kile kiti. Nikaita vituo kimoja kimoja, na nilijua kabisa kwamba wanaosikia si wetu peke yao. Nikakibonyeza kile kitufe kwa mikono miwili. Nikasema uongo, Riziki, uongo niliouchonga usiku kucha kwa ajili yako. Nilisema toleo jipya ni zuri, limetoka kwa binti yangu, lakini lina ugonjwa: linafuta kumbukumbu za kituo. Nilisema mtu yeyote asiliweke mpaka lirekebishwe, na hakuna fundi katika dunia hii anayeweza kulirekebisha ila aliyelitengeneza. Nililirudia hilo la mwisho. Walio nyuma yako kama wana masikio, wamesikia kwamba bila wewe hawana kitu. Wakulishe. Wakutunze. Wakuache ulale vizuri upate akili ya kazi.

Na kazi hiyo uifanye polepole, mama. Polepole sana.

Mwishoni nikasema, "Umefika. Keti." Nikaachia kitufe, ili Matayo ajue kwamba nyuma ya maneno yangu kuna mtu aliyeshikwa.

Redio ikakwaruza. Halafu kutoka Bijombo ikaja sauti ya Mzee Matayo, imezeeka kama yangu.

"Baba Riziki, tumesikia. Yote tumesikia."

Hakuongeza kitu. Kwenye fonii huwa anaongea mpaka betri ilie, lakini leo hakuongeza kitu. Nami nilijua kwamba kule juu kuna mzee mwingine amekaa na mikono yake mapajani.

Sijui kama kuna redio mahali ulipo. Sijui kama uko ng'ambo ya mto Ruzizi au uko karibu kiasi cha kusikia kengele hii hii ya kanisa ninayoisikia sasa. Nimechota maji, yako hapa mezani mbele yangu, yamefunikwa kwa sahani. Kesho nitayamwaga nichote mengine. Mlango wa uani siufungi kwa komeo, nao majirani wanasema mzee amepata wazimu wakati kila mtu anaongeza kufuli. Waache waseme.

Hapa ninapoandika hakuna aliyesimama nyuma yangu. Nimegeuka kutazama mara nyingi, hakuna. Kwa hiyo naweza kuimaliza salamu yetu yote, hata neno lisibaki.

Ukifika, keti. Kunywa maji.

Ni mimi baba yako, opereta wako.