Dele la Mama Kwenye Reli

Jumanne, 15 Januari 1957

Bwana Gharib leo katangaza habari kubwa. Atajenga treni. Hapa kisiwani Amu! Mji ambao punda wawili wakikutana kichochoroni, mmoja hana budi arudi kinyumenyume — ndipo mume wangu atakapoleta treni.

Ndogo, asema. Ya kuchezea? Akakasirika. Si ya kuchezea, ni ya kweli, ila ndogo. Mfano wa ile aliyokuwa akiichochea moto kwenye mashamba ya miwa, kusini ya Mombasa. Reli yao ilikuwa nyembamba, mtu huivuka kwa hatua moja, na watu wa treni kubwa walikuwa wakiicheka. Yeye haicheki. Akiitaja, sauti humlainika. Mimi sijawahi kutajwa hivyo.

Miaka sita alikaa huko. Barua tatu! Zote salamu na maswali, habari zake mwenyewe hakuna. Sasa karudi na mdomo umejaa boila na pistoni.

Ijumaa, 25 Januari

Posa ya binti yangu Tima imekamilika, alhamdulillahi. Harusi ni Shaaban, kabla ya mfungo. Jamaludin ni kijana mtulivu, sina neno naye. Mtihani ni mamake. Ulimi wa Bi Kulthum haujui likizo.

Kaja leo kunywa kahawa. Macho yote kwenye zidaka ukutani, sahani zangu kazikagua moja moja. Kisha akauliza, "Dele la mamako, Umulkheir, litakaa na Tima?" Nikasema litakaa, tena kidaka cha kati. Akasema vyema, basi siku ya kuya kutazama zombo za bibi harusi, kahawa yake ataletewa na dele lile. Mbele ya wanawake wote wa mtaa wa Mkomani.

Sina dhahabu ya kumkomesha mwanamke huyu. Nina dele tu, birika la kahawa. La shaba nzito, shingo nyembamba, mdomo umepinda kidogo kushoto tangu enzi za bibi yangu. Mama alinikabidhi kwa mkono wake. Nalo linamtosha Bi Kulthum.

Jumatano, 6 Februari

Magurudumu ya treni yamepatikana. Ni senti kumi! Zina tundu katikati, ekseli inapita bila taabu. Nikamwambia, Bwana Disii, mkuu wa wilaya, akisikia unaligonga nyundo taji la Malkia, utaiona treni ya kwenda jela. Akasema, kwa uso mkavu kabisa, kwamba kwenda jela ya Amu hakuna treni.

Bomba la dawa ya mbu limekatwa. Sasa ni silinda. Mbu wanatula sote, injini inaendelea. Reli ni vile vyuma vya kufungia marobota ya nguo, kavilaza juu ya vipande vya boriti, upana wa vidole vinne. Chini kote vipande vya bati. Kanga zangu zinatoboka.

Mabehewa kamwagizia binamu yake Famau wa Kizingitini, fundi wa mashua. Famau hajaona treni tangu azaliwe. Gharib kamweleza kwa mikono.

Jumapili, 17 Februari

Mabehewa yamefika. Nimecheka mpaka nimekaa chini.

Yana omo mbele! Yana tezi nyuma! Kila moja limechongoka mbele, limezibwa nyufa kwa kalafati ya pamba, limepakwa mafuta ya papa ndani na nje, na katikati lina tundu la mlingoti. Famau kayaleta mwenyewe, kayapakata njia nzima. "Hayangii mayi hata tone," asema. "Wallahi, hata ukiyasahau baharini mwezi."

Gharib kayatazama. Kayageuza. Nikadhani atalia. Kisha akasema ahsante, ndugu yangu, kazi safi. Famau alipoondoka nikamuuliza, treni yako itavuka mto? Akajibu kwamba hawezi kumvunja mtu moyo, atayatia magurudumu hivyohivyo.

Nyumba nzima yanuka sifa, hayo mafuta ya papa. Tima kajifungia chumbani na udi.

Jumatatu, 4 Machi

Leo sicheki.

Nilipanda kulipangusa dele. Kidaka kitupu. Nikashuka ukumbini kwake — liko juu ya benchi, limelazwa ubavu, mpini umekatwa, limetobolewa mara tatu, na bomba limelehemiwa tumboni. Dele la mama! Ndiyo boila yake.

Nilipiga ukelele jirani Kadija akaja mbio, akidhani kuna maiti. Gharib kasimama na tupa mkononi. Madebe aliyojaribu kwanza yalipasuka, asema. Shaba ile ni nzito, hakuna mfano wake Amu nzima. Atalirudisha. Utalirudisha vipi, na matundu? Nikamuuliza kama hakusikia ahadi yangu kwa Bi Kulthum. Alisikia. "Nilikuwa nafikiri treni," akasema. Angalau hakudanganya.

Nimelia. Kwa hasira, na kwa mama. Na zaidi kwa Tima. Bi Kulthum atalisema jambo hili mpaka wajukuu waote ndevu, na mtoto wangu ndiye atakayekaa nalo.

Jumamosi, 9 Machi

Hatusemezani. Chakula namwekea mlangoni.

Kadija kataka kuniazima dele lake. Moyo mwema, lakini haifai. Bi Kulthum alihudumiwa na letu siku ya harusi yangu, ule mdomo uliopinda anaujua. Na siku ya kutazama zombo ni Alhamisi hii.

Alasiri Gharib kaja na shauri. Nililisikiliza kwa sababu sikuwa na jingine. Reli ianzie msana, chumba cha mbele, ipande kwa ubao mpaka chumba cha ndani, maana ndani sakafu imeinuka. Vikombe vikae kwenye mabehewa. "Ulimwahidi kahawa italetwa na dele lile. Dele litaileta." Mjinga mkubwa! Nikamkumbusha kwamba siku ile mwanamume hatii mguu humu. Nani ataiendesha?

Kanitazama tu.

Jumatatu, 11 Machi

Mimi, binti wa watu, nimefundishwa kuchochea treni. Makaa kidogo. Maji mpaka hapa. Hiki fungua polepole — polepole nimesema! Nikamwambia akipaza sauti tena nitamwaga maji yote. Nimeungua kidole.

Lakini inakwenda. Sipendi kuandika hivi, ila inakwenda. Inatetemeka, inatema, senti kumi zinazunguka, na mashua tatu za Famau nyuma yake zimeshikana kama bata. Mdomo wa dele ndio filimbi. Ilipolia nilicheka kabla sijajizuia, naye akaona. Basi!

Kwenye ubao ikashindwa. Magurudumu yanateleza, haisogei. Gharib akatia mchanga kidogo juu ya reli, ikapanda. Ndipo akaniambia. Kule kulikuwa na mwinuko kando ya mto, treni ikijaa miwa haipandi, kazi yake ilikuwa kuruka chini na kukimbia mbele akimwaga mchanga kwa mikono. Kila siku. Mara moja nusura imkanyage.

Nikamuuliza kwa nini hakuandika. "Ningeandika nini? Nimetia kuni. Nimetia mchanga."

Nikasema, ungeandika hivyo.

Akainamia lehemu yake. Nami nikaenda jikoni, kitunguu kilikuwa kinaungua.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika upesi. Nimekuja chumba cha nyuma kubadili kanga, pindo limeungua. Wageni wamejaa ndani, siwezi kukaa.

Walikuja baada ya adhuhuri. Bi Kulthum kaketi kiti cha enzi, uso kwenye kidaka cha kati. Nilikuwa nimeweka bakuli. Akavuta pumzi, akauliza nani kapika papa. Wenzake wakacheka kwa viganja midomoni. Tima kwenye pazia, machozi yamemjaa.

"Dele li wapi, Umulkheir?"

"Laya, sasa hivi," nikasema. Nikashuka msana, nikapiga magoti mbele ya ule mtambo, bismillahi, nikafungua polepole. Ikaondoka na vikombe. Wanawake wakainua miguu vitini, mmoja akasoma Ayatul Kursi! Ikafika kwenye ubao. Ikakwama, senti zinazunguka bure. Na mchanga? Mchanga uko chini, kwa Gharib, kwenye kopo lake. Nikaona Bi Kulthum anaanza kutabasamu. Lile tabasamu nalijua.

Nikakinyakua chetezo, nikamwaga majivu ya udi juu ya reli zote mbili. Ndipo pindo lilipoungua. Magurudumu yakashika. Ikapanda! Ikalia filimbi mpaka chini ya kiti chake, na kahawa haikumwagika ila kidogo, nayo imebaki ndani ya behewa. Famau kweli hapitishi maji. Vigelegele vikapasua dari. Tima ndiye wa kwanza.

Bi Kulthum kachukua kikombe. Akanywa. Akainama akaitazama injini muda mrefu, karibu pua yake iguse moto.

"Mdomo ule naujua," akasema.

Tima kanishika mkono. Bi Kulthum akamaliza kahawa, akarudisha kikombe kwenye behewa, akakiweka sawa kwa kidole.

"Rejesha tini. Likwee tena, nione."

Sijui ni hukumu gani hiyo, kushushwa na kupandishwa tena. Bado hajasema nyingine, anangoja huko, namsikia akimwamrisha mtu aongeze makaa.

Na chini Gharib yuko mlangoni tangu walipoingia, hathubutu kupanda. Kaisikia filimbi. Anagonga ukuta wa ngazi na kuuliza kwa sauti ya chini, "Limekwea? Umulkheir, limekwea?"

Namsikia vizuri. Miaka sita nilikaa nikingoja habari za kwenye miwa. Na angoje kidogo.