Sura Yako Kwenye Mfuko wa Matobolwa

Dar es Salaam,
Jumapili, baada ya ibada

Mayu, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na mwangaluka pia, maana najua moja bila nyingine haikutoshi. Mgongo umepoa? Baba amemaliza kupalilia pamba, au mvua imemfukuza tena? Mimi ni mzima, shangazi ni mzima, na shule inaendelea. Kiingereza bado nakiandika vizuri kuliko ninavyokisema.

Barua hii nimempa kondakta wa basi la Bariadi. Ningeweza kupiga simu, lakini simu ya Doto husikika mpaka kwa jirani, na jambo lenyewe ni lako kwanza. Halafu unanijua, kwenye simu maneno hunikimbia.

Mama, wiki iliyopita nilikuona dukani, ndani ya simu ya shangazi.

Nianze nyuma kidogo. Tangu shangazi ahamishiwe kuuguza wodi ya watoto, zamu hazimwachii nafasi, haendi sokoni tena. Sabuni, mchele, hata mapazia ananunua kwa simu. Anatazama picha, anabonyeza, kijana wa bodaboda anabisha hodi. Mwanzoni niliona ni uvivu. Kisha nikahitaji kitabu cha fizikia. Nilizunguka Kariakoo nikachoka. Wauzaji wanakuita kutoka kila mlango, "Karibu dada, kuangalia bure," nami nikiitwa hivyo huongeza mwendo nisije nikashindwa kujibu. Kwenye simu hakuna aliyeniita. Kitabu kilikuja kizima, kurasa zote zimo. Basi nikawa mtetezi wa maduka ya simu. Mwalimu wa uraia alipouliza faida za soko huria, nilinyoosha mkono, mara yangu ya kwanza mwaka huu, nikasema mnunuzi anachagua kwa utulivu bila kusukumwa na mtu. Alinisifu.

Siku chache baadaye shangazi akaniita jikoni. "Kulwa, njoo umwone mama yako."

Pichani umekaa gulioni Sapiwi na kile kitenge chako cha njano, ungo wa matobolwa uko mbele yako, viazi vitamu ulivyochemsha na kuanika mwenyewe. Nusu ya tobolwa iko kati ya meno yako, nusu nyingine umemnyooshea mtu asiyeonekana, vile unavyofanya siku zote, muuzaji ang'ate kwanza ndipo mteja aonje. Chini wameandika: "Matobolwa ya Mama wa Usukumani. Tunakuletea mpaka mlangoni."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. "Wifi kawa mtu wa matangazo, anatuficha utajiri wake." Mimi sikucheka. Nilijiuliza umewauzia lini, na kwa nini Doto hakuniambia. Shangazi akaagiza mfuko mmoja.

Ulikuja alasiri. Shangazi akamwambia kijana wa bodaboda, "Fungua kwanza tuone."

"Mama, mimi naleta tu. Kufungua ni baada ya kulipa."

"Sasa nikishalipa nikakuta ubovu, ubovu utakuwa wa nani?"

"Wako mama. Mimi nitakuwa nimeshafika Tabata."

Alilipa. Sura yako ilikuwa imebandikwa kwenye mfuko. Ndani yake yalikuwa matobolwa meusi, yameota ukungu, unga wa wadudu umejaa chini, yananuka dizeli kama yaliyosafiri na madumu. Niliugeuza mfuko upande wa pili, kwa sababu nilihisi unanitazama.

Nikaomba simu nikasome maoni ya wateja. Afadhali nisingesoma. "Anatafuna mazuri mwenyewe, sisi anatupa takataka." "Huyu mama tapeli." Mwingine ameandika kuhusu meno yako, sitakuandikia. Mama, watu hao hawajui Sapiwi iko upande gani. Hawajui kwamba siku moja ulimkimbilia mteja mpaka kwenye mnada wa ng'ombe, umrudishie hela yake kwa sababu uliona ukungu kwenye ungo baada ya yeye kuondoka. Gulioni mtu akikutukana, watu kumi wanamjibu. Mle ndani ya simu ulikuwa peke yako, umeshika nusu ya tobolwa, unatabasamu, na kila aliyepita alikutemea mate.

Mimi ambaye hushindwa hata kuomba kalamu, niliandika: "Huyu ni mama yangu. Hajauza mfuko huu na hajui kama mnamtumia."

Mtu akajibu, "Mtandaoni kila mtu ana mama. Thibitisha."

Nilifikiri sana. Kisha nikaandika: "Tazameni mkono wake. Ile nusu ni ya mteja. Kwetu hauzi kitu ambacho hajakila mbele yako. Mfuko wenu ulikuja umefungwa. Nani aliung'ata?"

Mwenye duka akapiga simu kwa shangazi, akaomba kuja nyumbani.

Nilitegemea jambazi. Akaja kijana mwembamba, shati limepigwa pasi, akaamkia kwa heshima zote. Akasema alifika Sapiwi kwenye msiba wa rafiki yake, akanunua kwako, akakuomba picha, nawe ukacheka. Matobolwa yako aliyamaliza njiani. Haya anayouza anayanunua kwa mtu mwingine, kwa simu vilevile, naye anayapokea yakiwa yamefungwa.

"Hujawahi kufungua hata mfuko mmoja?" nikamuuliza. Sijui sauti niliitoa wapi.

"Hata mimi nayaona kwenye picha tu, dada."

Mama, hapo ndipo nilipopigwa na butwaa kuliko kwenye ukungu wenyewe. Nilidhani anatuficha. Kumbe muuzaji na mnunuzi wote walikuwa wakitazama sura yako, na hakuna aliyetazama chakula.

Shangazi akamimina mfuko kwenye sahani, akamsogezea. "Kwetu muuzaji hung'ata kwanza."

Kijana alicheka. Shangazi hakucheka. Kijana akachukua moja, akaligeuza, akalinusa, akalirudisha taratibu. "Siwezi, mama."

"Na mimi niliyelipa nitaweza?"

Kijana aliifuta picha tukiona. Akaandika kwamba mama wa kwenye picha hakuuza mzigo ule, akarudisha hela ya shangazi. Lakini waliokutukana wengi hawakurudi kusoma. Hilo bado linanikosesha raha.

Kabla ya kuondoka aliuliza kama utakubali kumuuzia matobolwa yako mwenyewe, kwa jina lako, alipe kabla ya mzigo kupakiwa. Shangazi anasema nisikunyime riziki, watu wa kwetu walioko huku wana hamu ya chakula cha nyumbani. Nilimjibu kijana kwamba jibu si langu, angoje lako. Sijui pia kama picha ulimruhusu kweli, au ulicheka tu kwa sababu mgeni alikuwa na adabu. Na mtu wa Mbezi utamng'atia vipi, sijapata jawabu, ingawa nimeliwaza mpaka ndani ya kipindi cha hesabu.

Msalimie baba, na bibi mwenye fimbo, mwambie bado namkumbuka kila nikisikia mbuzi. Msalimie Doto mwenzangu, ndiye atakayekusomea barua hii, asipandishe sauti. Mjomba wa stesheni ya Malampaka akipita, mpe shikamoo yangu. Na mwalimu aliyenipa kamusi nilipomaliza darasa la saba, mwambie imechakaa kwa kazi, si kwa uzembe.

Ombi langu ni moja, ukikubali biashara hiyo au ukikataa. Kondakta anarudi huku Alhamisi. Chagua tobolwa moja kwenye ungo wako, ling'ate, nusu inayobaki uifunge kwenye karatasi umpe aniletee.

Mimi mwanao,
Kulwa