Mume wa Susu Anaenda Ujerumani

Jumapili, Julai 2007. Machakos. Baridi, mawingu tangu asubuhi, na mimi sijielewi.

Leo ningepaswa kuwa nacheka peke yangu barabarani. Bendi yetu ya roki, ile iliyowakera majirani tukifanya mazoezi nyuma ya posho mill, kinu cha kusaga unga, sasa inapigwa redioni Ujerumani. Wimbo tuliouweka mtandaoni hivi hivi tu umefika huko kabla yetu. Visa zimetoka. Kesho tunapaa kwenda kuzunguka Ulaya miezi mitatu, na Mutua, mpiga ngoma wetu, ameshaanza kutembea na miwani ya jua kwenye baridi hii.

Kabla ya safari nilienda kijijini Kola kumuaga Susu, nyanya yangu.

Kwetu Wakamba mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu, kwa hivyo Susu ameniita mume wake tangu nizaliwe. Huo ndio utani wetu. Nikifika humuuliza, "Mke wangu, umenipikia nini?" naye hunigombeza kwamba nimeacha shamba likaota magugu. Babu mwenyewe sikumjua. Alienda Mombasa kutafuta kazi baba yangu akiwa mchanga, na hakurudi.

Leo nikamwambia kwa utani uleule, "Mke wangu, nasafiri. Niwekee chakula, nitarudi."

Hakucheka.

"Hata ile siku ingine ulisema hivyo," akasema. "Nikaweka muthokoi. Ikaharibika."

Nikasubiri atabasamu. Akanigeuzia mgongo, akaendelea kupepeta maharagwe. Sijui kama alikuwa ananitania, kama uzee umemchanganya, au kama miaka hii yote ni mimi tu niliyedhani tunataniana. Nilitaka kumwambia mimi si Babu, mimi ni mjukuu. Nikaona aibu. Niliondoka bila hata kumshika mkono, na hilo linaniuma.

Nimewaza kuwaambia wenzangu waende bila mimi. Lakini mwimbaji ni mimi. Nikienda, ninamfanyia alivyofanyiwa na Babu. Nikibaki, najua nitamkasirikia mama mzee asiye na kosa.

Jioni hii Mama amepiga simu kutoka Kola. Susu amepakua sahani moja ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ameifunika, ameiweka mezani, na hataki mtu aiguse.

Kesho tunaondoka. Miezi mitatu.

Nani atamwaga hicho chakula, na atamwambia nini?