Sentensi Niliyoiandika Upya Bomani

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Bibi yako hajambo, na maharage ya mlimani yamestawi.

Umeuliza kuunganisha sentensi za Kiingereza kuna faida gani, kama si kukuchosha tu. Nikujibu kwa yaliyonipata bomani Morogoro, zama za Wajerumani, nilipokuwa karani kijana mwenye hofu.

Bwana Shauri, Mjerumani aliyekuwa akiamua kesi, alitaka sentensi fupi. Siku moja aliletwa mzee wa Matombo ambaye hakufika kwenye kazi ya lazima ya barabara, na adhabu yake ilikuwa viboko. Niliandika: "Hakuja kazini. Mpwa wake alifariki. Alikwenda msibani." Kisha nikamsomea mzee maelezo yake, kama ilivyokuwa desturi.

"Karani, umenikatakata kama muhogo!" akasema. "Hujui kwamba mjomba asipofika hatuziki? Mbona hilo hulisemi?"

Nami ni Mluguru, nilijua. Nikaandika upya: "Hakuja kazini kwa sababu mpwa wake alifariki, na kwa Waluguru maiti haizikwi mpaka mjomba afike."

"Ndefu mno!" Bwana Shauri akanikaripia.

"Ndiyo, Bwana," nikasema, "lakini nikiikata, sababu yake inapotea."

Aliisoma mara mbili, kisha akamwachia mzee aende zake.

Niliandika mengi bomani, lakini sentensi hiyo ndiyo pekee niliyoihifadhi kichwani hadi leo, na najivunia kila neno lake.

Ni mimi babu yako,
Salehe