Duka la Madamu Odile na Duka Lako, Mama

Mama yangu mpenzi,

Asalam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, si umelala, na kwamba mguu wako sasa unakubali kukanyaga chini hata kidogo. Mama mdogo aliniambia kwenye simu kwamba yule fundi wa mifupa ameshaondoa vijiti alivyokufunga, lakini kabla sijauliza maumivu yakoje, rezo ya simu huko Kabambare ikakatika. Kwa hiyo nijibu wewe mwenyewe. Unalala vizuri? Unakula, au unawaachia wengine sahani kama kawaida yako?

Sisi huku ugenini tuko wazima. Baba Amisi bado yuko kwenye kiwanda cha mikate, watoto wanasoma, na Amisi amekuwa mrefu kuliko mimi. Mimi naendelea kumtunza yule bibi niliyekutajia, Madamu Odile. Leo nataka kukueleza habari yake kwa urefu, kwa sababu imenifikisha kwenye jambo linalokuhusu wewe, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Madamu Odile amepita miaka themanini. Kwa miaka arobaini alishika duka katika mji huu huu mdogo, la vyakula na vitu vya nyumbani, kama lako. Akili yake sasa inakwenda na kurudi. Kila asubuhi nilipofika nilimkuta amevaa koti juu ya nguo za kulalia, anatafuta funguo. Alisema wateja wanamngoja. Lakini duka halipo tena. Watoto wake walilifunga wakati yeye yuko hospitali, wakauza rafu na mizani, na alipotoka akakuta watu wananyolewa nywele pale. Nilipomwambia hakuna duka, alinitukana. Siku moja alinikwaruza mkono mpaka ukatoka damu. Niliwaza kuiacha ile kazi, ila kwa mtu mwenye karatasi za ukaazi kama zangu kazi nyingine haipatikani upesi.

Mjukuu wake, msichana anayesoma chuo kikuu, ndiye aliyemletea tableti yenye mchezo. Usicheke, mama. Ni mchezo wa kuendesha duka la zamani. Kwenye kioo unaona chumba chenye rafu za mbao, mizani ya mawe na redio ya kaseti. Unaagiza bidhaa, unazipanga kwa kidole, unaweka bei, na wateja wanaingia mmoja mmoja. Kitu kikikosekana wanakunja uso na kutoka. Jioni unageuza kibao cha mlangoni, siku imekwisha.

Nilidhani ataisukuma ile tableti. Aliitazama muda mrefu, kisha akaniuliza, “Nani huyu mjinga aliyeweka sabuni karibu na sukari?”

Ni mara ngapi wewe ulinirudisha nyuma ya meza pale dukani kwako Kasongo nikaondoe sabuni, ukisema watu watakunywa chai yenye harufu ya kufulia?

Tangu hapo asubuhi zetu zikawa za dukani. Vidole vyake vinatetemeka, kwa hiyo yeye aliamuru na mimi niligusa kioo. Chumvi chini karibu na mlango, ili mtu asipite bila kuikumbuka. Viberiti juu, mkono wa mtoto usifike. Nilimsimulia mafuta yako ya mawese na samaki wakavu wanaotoka Nyangwe, akataka tuagize vyote viwili. Tulitafuta, havikuwamo, akasikitika kweli. Kitu kingine kilichokosekana ni matabisi. Alitaka kumwongezea mama mmoja pipi mbili za bure baada ya kununua, na mchezo ukakataa. Akasema waliotengeneza kitu hiki hawajawahi kuuza hata kiberiti.

Hakunikwaruza tena. Koti lilibaki mahali pake mpaka chai inakwisha. Lakini bado kila asubuhi aliuliza duka lake halisi liko wapi, na nani alilifunga.

Ilikuwa katika majuma hayo ndipo kaka Saleh aliponipigia simu kutoka Kasongo. Aliniambia kuna mfanyabiashara wa Salamabila, muuza sepetu na pampu za wachimba dhahabu, anataka kukodi duka lako kwa miaka mingi na anahitaji jibu haraka.

“Mama iko muzee sasa,” kaka alisema. “Tangu aanguke, mulango iko inafungwa tu. Wewe sema ndiyo, nitoe vitu vyake, niviweke kwangu.”

Nilikuwa napiga pasi. Nikasema ndiyo. Sikuuliza kama wewe umeambiwa, maana nilijua hukuambiwa.

Kaka si mtu mbaya, mama, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Ni yeye aliyekushika mgongoni kwenye pikipiki siku mbili, kutoka Kasongo mpaka kwa mama mdogo huko Kabambare, katika njia ile yenye matope. Alitaka upumzike. Mimi pia nilijiambia hivyo, nikaendelea kupiga pasi.

Juma lililofuata Madamu Odile aliniambia tusiagize tena bidhaa. Nilifikiri amesahau. Kesho yake akasema vile vile, na keshokutwa. Rafu zikaanza kubaki wazi, wateja wakakunja uso. Nikamwambia tutaharibu mchezo.

“Hatuharibu,” akasema. “Tunafunga. Duka linafungwa hivi, taratibu, watu wajue.”

Tulifanya kazi hiyo siku tisa. Kila mteja aliyeingia, Madamu alimuaga kwa sauti, ingawa picha haisikii. Alimwambia mmoja ajaribu duka la barabara ya juu, mwingine akamwombea safari njema. Siku ya mwisho palibaki kopo moja la maharagwe na boksi la mishumaa. Maharagwe yakanunuliwa, na alipouza mishumaa akaniambia nifute meza. Kwenye mchezo kuna kitambaa cha kufutia, nikafuta. Halafu akakishika kidole changu kwa mkono wake, tukagusa pamoja sehemu iliyoandikwa kufunga duka moja kwa moja.

Binti yake alifika mchana huo kumwona. Madamu Odile akamwambia, “Nimefunga duka.” Binti akaanza kumbembeleza kama mtu anavyombembeleza mgonjwa. Mama yake akamkatiza. “Ninyi mlipolifunga, mimi sikuwepo.”

Yule binti alikaa kitini bila kuvua koti. Mwishowe aliuliza kitu gani kiliuzwa mwisho. Akajibiwa mishumaa. Wakaanza kuzungumza juu ya mishumaa, mimi nikaenda jikoni kuwaachia nafasi.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta kitandani, ametulia. Hakuuliza funguo. Aliuliza kama ni Jumapili. Nilipomwambia ni Jumanne, akasema basi ataifanya Jumanne ya kupumzika. Mpaka leo hajaenda mlangoni.

Siku hiyo nilipotoka kazini nilisimama barabarani, nikampigia kaka simu. Nilimwambia neno langu nimelirudisha, asitoe hata kopo moja dukani kabla ya wewe kusema. Alikasirika. Aliniambia ni rahisi kuamuru kutoka mbali, na kwamba yule mtu wa Salamabila hatangoja. Nikamwambia basi mtu huyo asingoje. Mwishowe kaka akasema, “Sawa. Nitaenda Kabambare, nimuulize mwenyewe.”

Naomba unisamehe, mama. Niligawa kitu chako huku napiga pasi.

Na kuna swali uliloniuliza ulipokuwa bado mzima wa mguu: ni lini nitarudi kushika duka. Nilikujibu tutaona. Sasa nakujibu vizuri: sitarudi kulishika. Nitakuja kukuona, lakini si kukaa nyuma ya meza ile. Katika mchezo nilipenda kupanga vitu ulivyovipanga wewe. Wateja walipoingia, nilitamani watoke. Madamu Odile aliliona akanicheka. Usilitunze duka kwa ajili yangu. Ukitaka kuuza tena mguu ukipona, uza. Ukitaka kulikodisha, likodishe. Ukitaka kulifunga, nenda Kasongo ulifunge mwenyewe, hata ikichukua mwezi.

Nisalimie mama mdogo Aziza anayekuuguza, na mume wake mwalimu, ninayemtumia barua hii kwa simu akufikishie, na ambaye najua atataka kuisahihisha. Mwambie naomba alama nzuri. Salamu kwa shangazi wa Nyangwe akipita, na kwa Mama Furaha, jirani yetu wa Kasongo muuza mihogo, anayefagia mbele ya duka lako bila kuombwa na mtu.

Amisi na dada yake wanakubusu mikono.

Kaka atafika kwako Jumamosi, njia ikiruhusu. Atakuwa amechoka na atataka jibu la haraka. Mpe chakula kwanza. Kwa jibu, chukua muda wako.

Mimi binti yako,
Zaina